Sura ya Sita: Akaunti ya Benki kwa Mtu wa Bisibo

Mtu wa Bisibo, wilayani Biharamulo, anayetaka kuweka fedha zake benki aghalabu huanza kwa kuuliza ni benki gani iliyo kubwa, ama ni ipi anayopokelea mshahara shemeji yake mwalimu. Na akishalipata jibu hufunga safari mpaka Biharamulo mjini, akapanga foleni, akajaza fomu, akapigwa picha na kurudi na kadi mfukoni. Miezi ikapita ndipo akatambua kwamba kuna kitu kinachopungua katika salio lake kila mwezi, naye alikwisha kukiridhia kwa saini yake katika ukurasa ambao karani aliufunua upesi, akamwonyesha tu mahali pa kuandika jina. Simlaumu yeye, wala simlaumu sana karani, maana foleni ilikuwa ndefu. Ila naona kwamba maswali yaliwekwa kinyume. Kabla ya kuuliza habari za benki, yampasa mtu aulize habari za fedha zake mwenyewe: huingia lini, hutoka mara ngapi, na baina ya kuingia na kutoka hukaa muda gani.

Katika nchi hii ya Biharamulo na Ngara fedha haziji kwa mwezi kama mshahara wa ofisini, bali huja kwa msimu. Huku Biharamulo huja na mahindi, maharage, pamba na tumbaku. Kule Ngara huja na kahawa na ndizi, na kote kote huja na mbuzi au ng'ombe aliyeuzwa mnadani kwa sababu ada ya shule imefika. Mkulima hukaa miezi kadhaa hana muamala wowote wa maana, kisha katika wiki mbili au tatu hupokea sehemu kubwa ya mapato yake ya mwaka mzima. Lakini katika wilaya hizo hizo yuko mtu wa namna nyingine kabisa: mwenye duka, mwenye mashine ya kusaga, mama anayepika chakula cha madereva wa malori yanayopita Nyakanazi, Nyakahura na Lusahunga yakielekea Rusumo, ambaye fedha humpitia mikononi kila siku, nyingi kuliko zinazobaki kwake. Watu hawa wawili wakiingia benki moja siku moja na kufunguliwa akaunti ya aina moja, mmoja wao bila shaka ataumia, na yumkini asijue kwamba ameumia.

Uhuru huu wa kuchagua si wa kale. Enzi za Waingereza benki za kigeni, kama vile Standard, Barclays na National and Grindlays, ziliwahudumia wenye mashamba makubwa na wafanyabiashara. Mkulima wa kawaida, kama alibahatika kuwa na pa kuweka akiba, alilijua dirisha la posta. Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha likatangazwa, na kesho yake Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba benki zimetaifishwa, zikafanywa Benki ya Taifa ya Biashara, ile NBC ambayo wazee bado huitaja kana kwamba ndiyo jina la benki zote duniani. Kwa zaidi ya miaka 20 mtu hakuwa na haja ya kulinganisha, maadamu hapakuwa na cha kulinganishwa: ulikwenda NBC, ukapewa kitabu, ukangoja. Tume iliyoongozwa na Charles Nyirabu, aliyepata kuwa gavana wa Benki Kuu, ndiyo iliyofungua njia ya sheria ya mwaka 1991 iliyoruhusu benki binafsi. CRDB, iliyokuwa benki ya serikali kwa ajili ya ushirika na maendeleo ya vijijini, ikabinafsishwa mwaka 1996. Na mwaka 1997 NBC yenyewe ikagawanywa, ndipo ikazaliwa NMB, iliyorithi matawi mengi ya wilayani. Hivyo basi mtu wa Bisibo anayekwenda Biharamulo leo akasimama baina ya NMB na CRDB, moyo ukivutwa huku na huku, anafanya jambo ambalo baba yake, katika umri kama wake, hakuwa na njia ya kulifanya.

Sasa tuje kwenye akaunti zenyewe. Akaunti ya hundi haikuwekwa kwa ajili ya kulaza fedha. Iliwekwa kwa ajili ya kulipa. Mwenye nayo hupewa kitabu cha hundi, na kila karatasi iliyomo ni amri yake kwa benki kwamba imlipe fulani kiasi fulani. Ukiipiga mistari miwili ya mshazari kwenye kona, hundi hiyo hailipwi taslimu dirishani, sharti iingizwe katika akaunti ya mpokeaji, na kwa sababu hiyo hata ikidondoka njiani mwokotaji hafaidiki nayo kwa urahisi. Akaunti hii kwa kawaida haina riba, ina makato ya kila mwezi, na kitabu cha hundi chenyewe hununuliwa. Badala ya hayo humpa mwenyewe uhuru wa kuingiza na kutoa bila hesabu ya mara ngapi, taarifa ya akaunti inayoonyesha kila senti ilivyokwenda, na, kwa mtu aliyeaminiwa, ruhusa ya kutoa zaidi ya salio lake kwa muda mfupi, ambayo ni mkopo mtupu na ina riba kali. Akaunti ya akiba ni kinyume chake: humtaka mtu atulie, humpa riba kidogo, na katika benki nyingi humpunguzia au kumwondolea kabisa makato ya mwezi. Siku hizi hundi zenyewe zimepungua nguvu, kwa kuwa malipo makubwa hupitia mfumo wa TISS ambao Benki Kuu iliuanzisha mwaka 2004, na madogo hupitia simu. Lakini shule, vyama vya ushirika na makandarasi wangali wakiiandika hundi, na sababu yake nitaieleza mbele, kwa maana si sababu ya ushamba.

Tufanye hesabu. Tuseme benki ya kwanza inatoa akaunti isiyo na makato ya mwezi, lakini kila utoaji kwa wakala hukatwa shilingi 2,000. Na benki ya pili inatoa akaunti inayokatwa shilingi 4,000 kila mwezi, ila kila utoaji ni shilingi 800 tu. Tarakimu hizi ni za mfano, wala msomaji asiende kuzidai dirishani. Mkulima anayetoa fedha mara tano kwa mwaka, yaani ada mara mbili, mbolea mara moja, mbegu mara moja, na mara moja kwa ugonjwa au harusi, atakatwa katika benki ya kwanza shilingi 10,000 kwa mwaka mzima. Katika ya pili atakatwa 48,000 za miezi kumi na miwili, na juu yake 4,000 za kutoa, jumla 52,000. Mwenye duka anayetoa mara kumi kila mwezi atakatwa katika benki ya kwanza shilingi 240,000, na katika ya pili shilingi 144,000. Akaunti ni zile zile, wakala ni yule yule, na kila mmoja akimwambia mwenzake kwa moyo safi kwamba benki yake ndiyo nafuu, kila mmoja atakuwa amesema kweli na atakuwa amempotosha mwenzake.

Kwa hiyo ushauri wa jirani haunitoshi, hata akiwa jirani mwema na msomi. Karatasi ya viwango vya makato, ambayo benki hutakiwa kuiweka wazi kwa wateja, ndiyo inayofaa kuombwa, na kuombwa kabla ya kutia saini, na kusomwa nyumbani kwa utulivu, mtu akiwa na kalamu na kumbukumbu ya mwaka wake uliopita. Atazame makato ya mwezi. Bei ya kutoa dirishani, kwenye ATM na kwa wakala, maana huwa mbalimbali. Bei ya kuhamisha kwenda kwenye simu na kutoka kwenye simu. Bei ya kadi ikipotea. Kiwango cha chini cha salio. Na bei ya kuomba taarifa ya akaunti, ambayo wengi huisahau mpaka siku ya kuombea mkopo. Mwenye akaunti ya hundi aongeze jambo moja zito: adhabu ya hundi iliyorudi kwa kukosa fedha, ambayo licha ya kumgharimu mwandishi wake humharibia jina, na katika mji mdogo jina likishaharibika halirudi kwa haraka.

Walakini makato si gharama yote, na hapa ndipo vitabu vilivyoandikwa kwa watu wa mijini humwacha mtu wa Bisibo njiani. Mtu wa Kariakoo akitoka dukani kwake anaweza kuchagua katika matawi yaliyopangana barabara moja. Mtu wa Bisibo anayelazimika kwenda tawini hulipa nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, akapoteza siku ya shamba, akanunua chakula mjini, na wakati wa masika akarudi na matope mpaka magotini. Tuseme nauli na chakula vimekwenda shilingi 15,000. Safari moja tu ya namna hiyo imekwisha kumeza makato ya yule mkulima wetu ya mwaka mzima katika benki ya kwanza na kuzidi. Kwa hiyo lililo la kwanza katika kulinganisha benki kwa mtu aliye mbali na mji, na hapa sina shaka hata chembe, ni kujua ni mambo gani yanayoweza kumalizwa bila ya kufika tawini, na mawakala wa benki hiyo wako wapi.

Benki Kuu ilitoa mwongozo wa uwakala wa benki mwaka 2013, na tangu hapo kazi kubwa ya benki vijijini imehamia katika maduka ya sukari na sabuni. Mtazame wakala akifanya kazi: kimashine cha mkononi kilichofungiwa kwenye droo, daftari la kurasa za mistari alimoandika majina, na nyuma yake katoni za mafuta ya kupikia. Mteja anaingiza namba ya siri kwa kidole kimoja, kiganja cha pili kikikinga, mashine inafikiri, karatasi inatoka, kipande kimoja kwa mteja na kimoja cha kubaki. Mwongozo unataka risiti itoke, na unakataza muamala kufanywa pale ambapo haiwezi kutoka. Tena ada hukatwa na mfumo wa benki yenyewe, wakala akalipwa kamisheni yake na benki, wala haruhusiwi kumtoza mteja chochote mkononi, iwe ya soda ama ya kuchajia simu. Yafaa watu wa vijijini walijue jambo hili, maana wengi huitoa hiyo ya soda wakidhani ni sheria.

Wakala naye ana udhaifu wake, na udhaifu huo una jina linalojulikana kila mahali: floti. Wakala hulipa kwa fedha yake mwenyewe iliyo dukani, ikiisha, imekwisha. Siku ya malipo ya tumbaku au ya kahawa, wakati kijiji kizima kinataka kutoa, ndiyo siku ambayo fedha taslimu huadimika kwake.

“Shikamoo mzee. Leo taslimu imeniishia, labda jioni wale wa mnadani wakija kuweka.”

“Marahaba. Hata laki moja huna?”

“Ninayo hamsini tu, mzee wangu.”

Maongezi haya husikika kila msimu, na mtu hawezi kuyakimbia kwa kuchagua benki yenye jina zuri zaidi. Huyapunguza kwa kuchagua benki yenye mawakala wawili au watatu katika mwendo wa miguu badala ya mmoja, na kwa kuzoea kulipa ada na pembejeo moja kwa moja kutoka katika akaunti bila ya kupitisha noti mkononi. Kwa maoni yangu, mtu anayechagua baina ya benki mbili na hajui idadi ya mawakala wa kila moja katika kata yake na kata jirani, bado hajaanza kuchagua.

Kuhusu riba sitakawia. Kwa miaka mingi akaunti za akiba nchini zimetoa wastani wa asilimia 3 kwa mwaka au chini ya hapo, na katika hiyo serikali huchukua asilimia 10 kama kodi ya zuio. Mtu mwenye shilingi 300,000 zilizolala mwaka mzima kwa asilimia 3 atapata 9,000, na baada ya kodi 8,100. Hata safari moja ya mjini hazitoshi. Anayeambiwa ahame benki kwa sababu riba yake ni kubwa kidogo, basi na apige hesabu hiyo kwanza. Akiba kubwa isiyohitajika kwa miezi sita au mwaka yafaa iwekwe katika akaunti ya muda maalumu, ambayo riba yake huzungumzwa, ilhali ile ndogo ya kila siku iwekwe pale ipatikanapo kwa urahisi. Tena wako ndugu wasiotaka riba hata ya senti moja kwa sababu ya dini. Kwao akaunti ya hundi, kwa kuwa haina riba, imekuwa kimbilio la zamani tangu enzi za baba zetu wa pwani. Na katika miaka ya karibuni wamefunguliwa mlango mpana zaidi, tangu Amana Bank ilipoanza kazi mwaka 2011 ikifuata sharia kwa ukamilifu, na benki za kawaida kama NBC na CRDB nazo zina madirisha yao ya namna hiyo. Muislamu wa Biharamulo asiyeifikia Amana na aulize tawini kuhusu akaunti hizo, aulize pia mikopo ya madirisha hayo huendeshwaje, kwa kuwa akaunti isiyo na riba na mkopo usio na riba ni vitu viwili.

Jambo la usalama linataka tulikalie zaidi, kwa sababu mkoa wa Kagera umekwisha kulipa gharama yake. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano kwa siku moja kwa sababu ya upungufu mkubwa wa mtaji, na mojawapo ilikuwa benki ya ushirika ya wakulima wa Kagera, yenye makao yake Bukoba. Nyingine zilikuwa Covenant, Efatha, na benki za wananchi za Njombe na Meru. Bodi ya Bima ya Amana ikakabidhiwa ufilisi. Kiwango cha fidia kilichokuwapo kilikuwa shilingi 1,500,000 kwa mwenye amana mmoja. Aliyekuwa na laki tisa akastahili kulipwa zote, ila aliyekuwa na milioni sita alistahili milioni moja na nusu, na zilizosalia akaingia nazo katika safu ya wadai, kungoja mali ya benki ikusanywe na kuuzwa. Mtu alichagua benki hiyo kwa sababu ilikuwa ya wakulima, ya mkoa wake, yenye watu wanaomjua kwa jina. Sababu njema zote, na hakuna hata moja iliyohusu mtaji.

Tangu mwaka 2023 kiwango hicho kimepandishwa kuwa shilingi 7,500,000. Kwa mkulima wa kawaida ni kusema kwamba akiba yake yote, katika benki yoyote yenye leseni, imo ndani ya kinga, na hana haja ya kukosa usingizi. Lakini chama cha msingi kinachopokea malipo ya wakulima mia, au mfanyabiashara wa mazao mwenye milioni 20 katika wiki ya mavuno, hajakingwa ila kwa sehemu ndogo. Na kwa kuwa kiwango huhesabiwa kwa mtu mmoja katika benki moja, kuzigawa fedha katika akaunti tatu za benki ile ile hakumwongezei kitu, ilhali kuzigawa katika benki mbili humwongezea. Ijulikane pia kwamba fedha za SACCOS na za VICOBA hazimo katika bima hii. Sisemi watu wazikimbie. Mikopo mingi iliyojenga nyumba za bati huku kwetu ilitoka huko. Nasema tu kwamba mtu asidhani muhuri wa chama ni sawa na leseni ya benki.

Nimekwisha kuvitaja vyama, na hapo ndipo akaunti ya hundi inapoonyesha kazi yake. Chama cha msingi cha mazao, kikundi cha akina mama, kamati ya ujenzi wa zahanati, msikiti na parokia, hivi vyote fedha zake si za mtu mmoja, na lililo muhimu kwao si wepesi wa kutoa bali ugumu wake. Hundi hulazimisha wenye saini wawili au watatu wakutane, waione karatasi moja, wasome jina la mlipwaji na kiasi chake kwa tarakimu na kwa maneno, na kibaki kishina kitabuni cha kumhoji mtu mwaka ujao. Namba ya siri haina kizuizi hicho: mwenyekiti akimpa katibu namba, basi katibu amekuwa chama kizima. Ndiyo maana nasema kuendelea kwa hundi katika vyama si ushamba. Benki nyingi sasa zina njia ya simu inayotaka idhini za watu wawili au zaidi kabla ya fedha kuondoka, na kikundi chenye vijana wanaoielewa hakina sababu ya kuikataa. Ila kikundi cha wazee kisilazimishwe kuacha karatasi eti kwa kuwa karatasi ni ya zamani.

Wenye saini wasichaguliwe katika nyumba moja, wala wasiwe wote wanaosafiri msimu mmoja. Mmoja akifariki au akihamia Geita kufuata dhahabu, benki itataka muhtasari wa mkutano uliomwondoa na kumchagua mwingine, ukiwa na mahudhurio na saini, pamoja na picha na kitambulisho cha huyo mpya. Na mpaka hayo yakamilike fedha zitakaa zimefungwa, hata kama mbolea imekwisha kufika na lori linangoja. Nimeona vikundi viwili vikigombana vibaya kwa kukosa muhtasari tu. Katika kuchagua benki ya kikundi, basi, aulizwe meneja kwa dhati: mabadiliko ya wenye saini huchukua siku ngapi, na je, yanaweza kuanzia kwa wakala au lazima wote watatu wafike mjini? Jibu la swali hili lina uzito kuliko makato ya mwezi.

Kuna watakaoniambia kwamba habari zote hizi za benki zimepitwa, maadamu M-Pesa iliyoanza mwaka 2008, na wenzake waliofuata, wamekwisha kuingia kila kitongoji. Ni kweli kwamba simu imefanya kazi ambayo matawi yalishindwa kuifanya kwa vizazi viwili, na kwamba fedha zilizomo simuni si hewa, bali zimewekwa katika akaunti za amana kwenye mabenki. Mwaka 2014 Tigo Pesa ilianza hata kuwagawia wateja wake faida iliyotokana na akaunti hizo. Lakini simu ni njia tu. Ina mipaka ya kiasi. Makato yake hupanda kadiri kiasi kinavyopanda. Na tozo ya serikali iliyowekwa juu ya miamala Julai 2021, ambayo ilipunguzwa baadaye kwa sababu ya kilio cha watu, iliwafunza wengi kwamba bei ya njia hiyo yaweza kubadilika kwa bajeti moja. Fauka ya hayo, afisa mikopo akitaka kumpima mkulima hutazama taarifa ya akaunti ya miezi kadhaa. Mpango ninaoupendelea kwa mtu wa Bisibo ni akaunti moja ya benki iliyounganishwa na simu yake, fedha za msimu zikiingia benki na kukaa huko, na simuni zikishuka zile tu za juma moja au mawili.

Mfanyabiashara wa Ngara ana swali la ziada, kwa kuwa yuko baina ya mipaka miwili, Rusumo upande wa Rwanda na Kabanga upande wa Burundi. Anayeuza mahindi na mchele Burundi anafaidika na benki yenye tawi ng'ambo. CRDB ilifungua kampuni tanzu yake Burundi mwaka 2012, na kwa upande wa Rwanda ziko benki za asili ya Kenya, kama Equity, zinazofanya kazi huko na Tanzania pia. Kwake yeye tofauti ya makato ya wakala ni ndogo ikilinganishwa na tofauti ya bei ya kubadilishia sarafu, na hiyo ndiyo ya kuulizia, kwa siku na kwa saa.

Lililobakia ni la mwaka wa pili. Benki hubadilisha viwango, na wewe hubadilika: mkulima akafungua kioski, mwenye duka akarudi shambani. Kila mwaka baada ya mavuno, iombwe taarifa ya miezi kumi na miwili, yajumlishwe yote yaliyokatwa, na ziongezwe nauli za kwenda tawini. Jumla hiyo ndiyo bei halisi ya akaunti yako, na ndiyo ya kulinganisha na karatasi ya viwango ya benki ya pili. Ikionekana dhahiri kwamba yakufaa kuhama, usiitupe akaunti ya zamani ikae na salio la elfu mbili ikikatwa mpaka iwe deni. Fungua mpya kwanza, mjulishe chama cha ushirika na kila anayekulipa namba yake, ungoje malipo ya kwanza yaingie. Kama ulikuwa na kitabu cha hundi hakikisha kila hundi uliyoiandika imekwisha kulipwa, kisha kirudishe pamoja na kadi na barua ya kufunga akaunti, katika nakala mbili, karani azigonge zote muhuri wa tarehe na wewe uondoke na yako. Akikataa kugonga, au makato yakiendelea baada ya hapo, malalamiko huandikwa kwanza kwa meneja wa tawi, na yasipojibiwa kwa njia ya kuridhisha hupelekwa kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu, ambalo huyapokea kwa maandishi na halimtozi mlalamikaji ada; nakala ile yenye muhuri ndiyo itakayotangulia katika bahasha.